Mwendo wa Ndege na Mwendo wa Mtumbwi: Habari za Njia za Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Mazungumzo yetu haya ni juu ya jambo ambalo watu hulitaja kila siku wala hawalifikiri sana, nalo ni tofauti iliyopo baina ya umbali na muda. Mtu wa Kyela akiulizwa Tukuyu ni mbali gani, aghalabu hatajibu kwa maili. Atasema, ukiondoka alfajiri utafika jua likiwa hapa, na kuonyesha mbinguni kwa kidole. Jibu hilo si la kijinga hata kidogo, kwa maana maili hazimchoshi mtu; kinachomchosha ni saa alizotumia, na mlima aliopanda, na mvua iliyomkuta njiani. Lakini tangu ndege zilipoanza kupita juu ya nchi hii, hesabu ya maili na hesabu ya saa zimeachana sana, na katika kuachana kwake mna habari ambazo twaona zafaa kuelezwa.

Kwanza tuone jinsi umbali wa ndege upimwavyo. Wenye elimu ya nchi wameigawa dunia kwa mistari, na kila nafasi kati ya mistari hiyo huitwa uzi, na kila uzi una dakika 60. Dakika hizi si za saa. Ni za kipimo. Ukienda kutoka kaskazini hata kusini, dakika moja ni maili moja ya bahari, yaani meta 1,852. Basi tutwae ramani tupime kutoka Itungi, bandari ya Kyela, mpaka kisiwa cha Likoma, kilicho upande wa mashariki wa ziwa karibu na pwani ya Msumbiji ingawa ni mali ya Malawi. Itungi ni nyuzi 9 na dakika 35 kusini ya Ikweta, na Likoma ni nyuzi 12 na dakika 5. Tofauti yake ni nyuzi 2 na nusu, ndiyo maili 150 za bahari. Tena Likoma imekaa mashariki zaidi kwa dakika 48 hivi. Na kwa kuwa dakika za kwenda mashariki hupungua kidogo kadiri uondokavyo kwenye Ikweta, hizo ni kama maili 47. Wanafunzi waliokwisha kufundishwa pembetatu wazidishe 150 kwa 150, na 47 kwa 47, wajumlishe, kisha watafute kipeo. Watapata 157. Kwa kilometa ni 290 hivi.

Likoma ina kiwanja kidogo cha ndege. Ndege ndogo ya abiria wachache, iendayo kilometa 240 kwa saa, ingeruka umbali huo kwa muda wa saa moja na robo. Tufanye na hesabu ya pili, ya visiwa viwili vyenye viwanja, kimoja cha ziwani na kimoja cha baharini: Likoma na Mafia. Kiwanja cha Kilindoni, Mafia, ni nyuzi 7 na dakika 55 kusini. Ukinyosha uzi juu ya ramani kutoka kisiwa hata kisiwa, ukapita juu ya nchi ya Ruvuma, na ya Kilwa na Rufiji, utapata kilometa 710 hivi. Ndege iendayo kilometa 300 kwa saa ingetumia saa 2 na dakika 20. Mtu angekunywa chai ya asubuhi kwa wavuvi wa ziwani na kula chakula cha mchana kwa wavuvi wa pwani.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini hakuna ndege ya ratiba iendayo njia hiyo. Abiria wa Likoma hupelekwa na ndege ndogo za kukodi mpaka Lilongwe, ambako ni kusini magharibi, yaani huanza safari yake kwa kuipa Mafia kisogo. Na toka huko atafute njia ya kufika Dar es Salaam, kisha avuke tena kwenda Mafia. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba visiwa hivi viko mbali kwa saa 2 na dakika 20 amesema kweli ya ramani, na mwenye kusema ni siku mbili au tatu amesema kweli ya msafiri. Kinachoamua ni mahali chombo kinapotua. Watu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa wamelijua neno hili tangu zamani, hata kabla ya ndege.

Hapo kale chombo cha ziwa hili kilikuwa mtumbwi wa gogo moja. Wakisi wa Ikombe, ambao wanawake wao ni wafinyanzi mashuhuri, huvuka maji na vyungu vyao mpaka Matema kuviuza, na safari hiyo ni fupi; walakini hakuna afadhali katika ufupi wake kama upepo wa mwera umeamka. Mwera ni upepo wa kusini, nao huvuma kwa nguvu hasa tangu Mei hata Agosti. Ziwa lina urefu wa maili 350 hivi, wala halina kizuizi katikati. Basi wimbi lililoanza kusini hukua njiani, na kwa kuwa kaskazini ndiko mwisho wa ziwa, nguvu yote humwagika kwetu. Upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama majini kama ukuta, na katika sehemu nyingi hakuna pa kukimbilia. Mwenye mtumbwi hangoji saa, hungoja ziwa. Huweza kukaa ufukoni siku tatu kwa safari ya nusu siku, na siku hizo tatu ni sehemu ya safari yake.

Meli ya kwanza ya moshi ililetwa mwaka 1875. Jina lake Ilala. Ililetwa vipande vipande kwa mto Shire, na palipo maporomoko mamia ya wachukuzi wakavibeba vipande hivyo vichwani, kisha vikaungwa tena juu ya maporomoko. Mwaka ule ule ikazunguka ziwa na kuonekana huku kaskazini. Mwaka 1885 ikaja Charles Janson ya wamisioni wa Likoma, ambao walikichagua kisiwa kile kwa sababu maji yaliwakinga na vita vya bara. Mwaka 1893 Wadachi, ndio Wajerumani, wakashusha meli yao Hermann von Wissmann, na bandari yao ya kwanza ya kaskazini ilikuwa Langenburg, chini ya milima ya Livingstone. Meli hizi zilikuwa hazishindani na upepo kama mtumbwi, lakini zilikuwa na njaa ya kuni. Pasipo kuni hapana moto, na pasipo moto hapana mwendo. Kwa hiyo vituo vya meli vilikuwa pia vituo vya kukata miti. Twaona hapa kwamba chombo chenye mtambo huamua kitapita wapi kwa kutazama tumbo lake. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye ndege.

Tutaje kisa kimoja cha mwaka 1914, kwa kuwa chaonyesha jinsi habari ilivyoweza kuishinda meli. Uingereza na Udachi ziliingia vitani tarehe 4 Agosti. Waingereza wa Nyasaland wakapata habari kwa simu ya waya. Tarehe 13 Agosti meli yao ya mizinga, Guendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikafika Sphinxhafen, mahali paitwapo sasa Liuli, ambapo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ili itengenezwe. Rhoades akapiga mzinga. Nahodha wa Wadachi, jina lake Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades, alikuwa hajajua kwamba pana vita. Akatoka kwa mashua kumwuliza mwenziwe amepatwa na nini, akachukuliwa mateka. Siku tisa zilikuwa zimepita, na Liuli ilikuwa bado katika amani kwa sababu tu habari haijafika.

Sasa tuje kwenye ndege, ambazo wazee waliziita ndege ulaya, na wengine eropleni. Tarehe 20 Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London mpaka Cape Town, na mwezi wa Aprili mwaka huo likaanza kuchukua na abiria. Safari nzima ilikuwa siku 11. Katika Tanganyika njia hiyo ilitoka Nairobi ikapita Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha ikaingia Rhodesia ya Kaskazini kwa Mpika. Basi mji wa Mbeya, uliokuwa mchanga bado na kujulikana zaidi kwa dhahabu ya Lupa, ukawa kituo katika njia mojawapo iliyokuwa ndefu kuliko zote za dunia.

Kwa nini Mbeya? Twae tena uzi na ramani. Kutoka Dodoma mpaka Mbeya ni kama maili 246 za nchi kavu, na kutoka Mbeya mpaka Mpika ni kama maili 248. Hakuna haja ya maelezo marefu: Mbeya iko katikati kabisa. Ndege za siku zile, kama Hercules ya mitambo mitatu, zilikwenda kama maili 110 kwa saa, wala hazikuweza kuruka mbali bila ya kutua na kujazwa petroli. Kuni za meli zilipanga vituo vya ziwani, na petroli ikapanga vituo vya angani. Mwendo wa Dodoma na Mbeya ukawa saa 2 na robo. Mchukuzi aendaye maili 15 kwa siku angetumia siku zaidi ya 16, hata kama njia ingalikuwa imenyoka kama kamba, nayo haikunyoka.

Lakini watu wa mwambao wa Kyela walipata nini katika njia hiyo? Hapo ndipo penye shabaha ya mazungumzo yetu. Kutoka kiwanja cha Mbeya mpaka Kyela, kwa mstari wa ndege, ni maili 53 tu, kama kilometa 85. Ndege ile ile ya Hercules ingefika kwa nusu saa. Walakini kati yake kuna milima ya Poroto na mlima Rungwe, wenye kimo cha meta 2,960. Na njia ya miguu, au ya gari pale ilipofanyika barabara, hupanda kwanza kisha hushuka mpaka ziwani, ambako kimo ni chini ya meta 500. Mtu wa Mwaya aliyemwandikia ndugu yake aliyeko kazini katika migodi ya kusini aliipeleka barua yake kwa miguu juu ya milima hiyo. Barua ikishafika Mbeya na kutiwa katika ndege, ilivuka nchi nzima kabla mchukuzi aliyeileta hajarudi kwake. Siku nyingi zikatumika katika maili 53 za kwanza, na saa chache katika maili mamia zilizofuata.

Mtu aweza kuuliza, mbona ndege hazikushuka Kyela, kwenye bonde tambarare, zikaacha kutua Mbeya mahali pa juu penye kimo cha meta 1,700? Swali ni zuri, maana mahali pa juu hewa ni nyepesi, na katika hewa nyepesi ndege huhitaji kukimbia zaidi chini kabla ya kuinuka, hasa jua likiwa kali. Kwa upande huo bonde lingefaa kuliko mlima. Lakini Kyela ni nchi ya mvua nyingi, zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio huishukia yote. Mpunga hupenda maji hayo. Magurudumu ya ndege hayapendi. Tena ndege iliyoshuka bondeni ingelazimika kuvuka ukuta wa milima ikija, na kuuvuka tena ikitoka, mara nyingi katika mawingu, na rubani wa miaka ile hakuwa na chombo cha kumwonyesha mlima ndani ya wingu. Njia ya uwanda wa juu ilikuwa salama zaidi.

Hata Mbeya yenyewe haikukaa sana katika njia kuu. Mwaka 1937 Imperial Airways wakaanza kutumia ndege kubwa za majini, zenye tumbo kama la mashua, na njia ikahamia pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na mbele mpaka Durban. Lindi ikapata kituo, Mbeya ikakikosa. Umbali wa Mbeya na London haukuongezeka hata shubiri moja, lakini siku zikaongezeka. Twafikiri wako wengi waliodhani kwamba njia ikishapita kwao imekuwa mali yao; kumbe ilikuwa mali ya wenye ndege.

Watu wa ziwani wakaendelea kusafiri majini, wala hawakuwa na hiari. Tarehe 30 Julai 1946, katikati ya majira ya mwera, meli mpya iitwayo Vipya ilipinduliwa na mawimbi upande wa magharibi wa kaskazini ya ziwa, na watu 145 wakafa. Hatutaki kupita neno hili upesi. Mwaka ule ndege zilikuwa zimekwisha kuivuka Afrika yote kwa miaka 14, na katika vita vilivyokuwa vimemalizika zilikuwa zimefanya makubwa. Lakini mwenye kutaka kwenda kumwona mama yake ng'ambo ya ziwa alipanda Vipya, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Tukihesabu muda wa safari yatupasa kuhesabu na hatari yake. Saa moja ya angani na usiku mmoja wa mwera si vitu viwili vinavyotofautiana kwa saa tu.

Miaka mitatu baadaye, 1949, ndege za majini zikaja katika Ziwa Nyasa lenyewe. Shirika la B.O.A.C., lililorithi kazi ya Imperial Airways, likaleta ndege zake za Solent, na kituo chake kikawa Cape Maclear, mwisho wa kusini. Palichaguliwa vizuri, kwa kuwa pale rasi na visiwa hukinga maji, na ndege ya majini haiwezi kutua juu ya mawimbi makubwa; kwetu kaskazini, ambako mwera humaliza nguvu zake, ingevunjika tumbo. Sasa msomaji mwenye ramani aweke uzi kutoka Port Bell, bandari ya Kampala katika ziwa Viktoria, mpaka Cape Maclear. Ni maili 1,000 hivi. Atazame uzi huo unapita wapi. Unaingia Ziwa Nyasa karibu kabisa na Matema. Katika mstari wa maili 1,000 ncha ya ziwa letu iko chini ya uzi wenyewe, wala hakuna sababu ya chombo kushuka hapo. Na huduma hiyo ya Solent nayo ilikoma mwaka 1950, ndege za magurudumu ziliposhika kazi yote. Cape Maclear ikarudi kuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka uliofuata, 1951, meli nyingine yenye jina la Ilala ikaanza kazi upande wa Nyasaland, na wengi waliisubiri hiyo kwa hamu kuliko walivyosikitikia ndege.

Upande wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, bandari ilihamia Itungi, na kwa miaka mingi meli kama Songea na Iringa zilitoka hapo zikaita Lupingu, Manda na Liuli mpaka Mbamba Bay. Kwa uzi wa ramani ni kilometa 210. Kwa meli, pamoja na vituo vyote na mitumbwi iliyokuja kupokea abiria pale pasipo gati, ilikuwa kadiri ya mchana na usiku. Mto nao ulileta mchanga Itungi mara kwa mara, hata chombo chenye tumbo kubwa kikapata taabu kuingia. Hilo ni adui wa bandari ambaye ndege haimjui.

Mwishoni mwa mwaka 2012 kiwanja kipya kilifunguliwa Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya, na kile cha zamani kilichopokea ndege za 1932 kikaachwa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Songwe ni kilometa 690 hivi kwa mstari wa hewani, na ndege kubwa huzimaliza kwa muda wa saa moja na dakika 20 hivi. Kutoka Songwe hata Kyela kwa mstari huo huo ni kilometa 98. Abiria wa Kyela akishuka hupanda gari, hupita Mbeya mjini na Uyole, hupanda Poroto, hupita Tukuyu penye baridi na migomba, kisha hushuka joto likimpokea; na saa yake ikiwa nzuri ataona kwamba kilometa 98 zimemchukua muda mrefu kuliko zile 690. Akiwa anakwenda Ikombe, bado hajafika. Pale Matema barabara huishia kwenye milima, na waliobaki na safari huuliza kama ziwa limetulia.